Nyumba ya familia mbili Massachusetts: jinsi ya kupata kibali cha zoni

Kwa mhamiaji wa Massachusetts, nyumba ya familia mbili ni mpango unaoeleweka haraka: unakaa chini, mpangaji anakaa juu, na kodi yake ya pango inaingia kwenye marejesho ya benki kila mwezi. Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili, Wakenya wa Lowell na Worcester, Wakongo, Warundi na Watanzania tuliotapakaa jimboni, kuna sababu ya pili. Mama akija kukaa, au mdogo wako akioa, kila mmoja anapata mlango wake na jiko lake, na bado mko uwanja mmoja.

Kinachowakwamisha wengi si fedha peke yake. Ni kununua kiwanja au nyumba kabla ya kujua mji unaruhusu nini pale. Massachusetts ina miji 351, mikubwa na midogo, na kila mmoja una kanuni zake za zoni, yaani zile zinazosema eneo hili ni la nyumba za familia moja, lile la familia mbili, kule ni viwanda. Jimbo limeweka Sura ya 40A ya sheria zake, inayoelekeza vikao, kura na rufaa ziendeshwe vipi. Boston ina sheria yake mahsusi, kwa hiyo aliye Boston asitumie tarehe nitakazozitaja hapa. Lakini uamuzi juu ya kiwanja chako utatolewa na watu wachache wa mji huo huo, jioni, majirani zako wakiwa wamekaa nyuma yako wanasikiliza. Lengo la mwongozo huu ni ufike kwenye kikao hicho umejiandaa, au, ikiwezekana, usikihitaji kabisa.

Hatua ya kwanza: soma majedwali mawili kabla ya kuweka sahihi

Ingia kwenye tovuti ya mji, tafuta ramani ya zoni, andika anwani ya kiwanja na uone kiko wilaya gani ya zoni. Kila wilaya ina herufi zake, na herufi za mji mmoja hazina maana katika mji wa pili, kwa hiyo usibebe ulichokijua Lowell ukakitumia Worcester.

Halafu fungua jedwali la matumizi. Shuka hadi kwenye mstari wa nyumba za familia mbili, fuata mpaka safu ya wilaya yako. Ukikuta Y, inaruhusiwa kwa haki, yaani bila kuomba kura ya bodi yoyote. Ukikuta N, hairuhusiwi. Ukikuta SP, lazima uombe kibali maalumu. Herufi hubadilika kidogo mji kwa mji, ila maelezo yake huwa juu au chini ya jedwali.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo pesa zinapopotea. Kuna jedwali la pili, la vipimo: ukubwa wa kiwanja, upana wa upande unaotazama barabara, nafasi ya kuacha mbele, pembeni na nyuma, urefu wa jengo, na magari mangapi yaegeshwe. Mara nyingi nyumba ya familia mbili hudaiwa kiwanja kikubwa kuliko ya familia moja katika wilaya hiyo hiyo.

Tuseme dalali amekuonyesha nyumba ya familia moja unayotaka kuibomoa ujenge ya familia mbili. Kiwanja kina futi za mraba 9,200 na upana wa futi 80 barabarani. Dalali anasema, "Eneo hili ni la familia mbili," na hasemi uongo, kwa kuwa jedwali la matumizi linaonyesha SP. Lakini jedwali la vipimo linataka futi za mraba 10,000 kwa familia mbili. Zile 800 zilizopungua zimekuongezea ombi la pili: mbali na kibali maalumu, sasa unahitaji pia msamaha wa vipimo. Ni kura mbili, kila moja na masharti yake, na ile ya pili ni ngumu mno. Bei uliyokuwa tayari kulipa kwa "kiwanja cha familia mbili" si bei ya kiwanja hiki.

Kwa hiyo, ukipenda mahali na kibali hakijapatikana, mwambie wakili aingize kwenye mkataba sharti kwamba ununuzi utategemea kupatikana kwa vibali vya zoni. Wauzaji wengine hukataa. Bora akatae leo kuliko ubaki na mkopo na kiwanja usichoweza kukijenga.

Hatua ya pili: jua unaomba nini

Njia ni tatu. Ya kwanza ni ya haki: matumizi yanaruhusiwa, vipimo vimetimia, unakwenda kwa mkaguzi wa majengo na michoro yako, naye akikuta imekidhi kanuni za ujenzi anatoa kibali. Hakuna kikao wala jirani wa kupinga. Miaka ya karibuni njia hii imepanuka mahali pengine. Februari 2025 baraza la Cambridge lilifuta kabisa utaratibu wa kutenga maeneo ya familia moja tu.

Ya pili ni kibali maalumu. Hapa mji umeshakubali kwamba nyumba za familia mbili zinafaa katika wilaya hiyo, ila unataka kuangalia kila moja. Anayeamua ni bodi ya rufaa za zoni, bodi ya mipango au baraza, kutegemea kanuni za mji. Bodi hutazama vigezo vilivyoandikwa: msongamano wa magari, maji machafu, maegesho, mwonekano wa mtaa. Ukivijibu kimoja kimoja kwa karatasi na vipimo, una nafasi nzuri.

Ya tatu ni msamaha wa kanuni, yaani ruhusa ya kutofuata kipimo au kanuni fulani, na hapa nasema waziwazi: usijenge matumaini yako juu yake. Kifungu cha 10 cha Sura ya 40A kinataka uthibitishe kwamba ugumu unatokana na udongo, umbo au mwinuko wa ardhi yako, au na jengo lililopo. Kwamba hali hiyo inakugusa wewe hasa na si wilaya nzima. Kwamba kuishika kanuni kama ilivyoandikwa kutakuletea hasara kubwa. Na kwamba kukuruhusu hakutadhuru umma wala kuvunja kusudi la kanuni. Yote kwa pamoja. Mwamba uliojitokeza katikati ya kiwanja ni hoja. Kiwanja chenye umbo la pembetatu ni hoja. Riba ya benki si hoja, wala familia kukua, wala jirani wa mtaa wa pili kuruhusiwa kujenga. Watu hutoa machozi ya kweli mbele ya bodi, wajumbe wakaguswa, na bado wakapiga kura ya hapana kwa sababu sheria haikuwaachia njia.

Tena, kama jedwali la matumizi limeandika N, ujue kwamba msamaha wa matumizi hautolewi kabisa isipokuwa kanuni za mji zimetamka wazi kwamba unaruhusiwa. Tafuta sentensi hiyo kwanza. Usipoikuta, achana na kiwanja hicho.

Hatua ya tatu: chunguza historia ya nyumba na ya kiwanja

Mitaa mingi ya Massachusetts ilijengwa kabla ya kanuni zinazotumika leo, ndiyo maana utakuta nyumba ya familia mbili imekaa futi tano kutoka mpakani ambapo sasa zinatakiwa kumi na tano. Nyumba kama hiyo ina ulinzi wa Kifungu cha 6 cha Sura ya 40A, na kifungu hicho kimezitaja nyumba za familia moja na mbili kwa upendeleo. Ukiirekebisha au kuipanua bila kuongeza kasoro iliyokuwapo, unaendelea kwa haki. Ukiiongeza kasoro hiyo, bodi inatakiwa iamue kama mabadiliko yatakuwa na madhara makubwa zaidi kwa mtaa kuliko hali iliyopo. Mwaka 2019 mahakama kuu ya jimbo, katika kesi ya Bellalta dhidi ya bodi ya Brookline, ilisema mwenye nyumba ya aina hiyo akipata uamuzi kwamba madhara hayo hayatakuwapo hahitaji tena kuomba msamaha wa kanuni juu yake. Kwa maoni yangu, kwa familia yenye fedha za kawaida, kununua nyumba ya familia mbili iliyochakaa na kuitengeneza chini ya ulinzi huu mara nyingi ni salama kuliko kununua ya familia moja na kuanza kuomba.

Viwanja vitupu navyo vina ulinzi wake. Kiwanja kilichosajiliwa zamani kikiwa kimetimiza kanuni za wakati huo, kikiwa na angalau futi za mraba 5,000 na upana wa futi 50 barabarani, na ambacho mwenyewe hakuwa na ardhi nyingine inayopakana nacho, hakiguswi na nyongeza ya vipimo iliyokuja baadaye, kwa nyumba ya familia moja au mbili. Zingatia hilo sharti la mwisho. Mtu akimiliki viwanja viwili vidogo vinavyopakana, mara nyingi sheria huvihesabu kuwa kimoja kwa mambo ya zoni. Kwa hiyo yule mzee anayekuuzia "kiwanja cha pembeni" cha nyumba yake huenda anakuuzia uwanja wa nyuma usioweza kujengwa chochote. Lipa wakili achunguze hati za kiwanja na za majirani wake miaka ya nyuma.

Hatua ya nne: maji machafu na magari

Haya mawili huua miradi kimyakimya. Kama mtaa hauna bomba la maji machafu la mji, tangi lako la ardhini hupimwa kwa vyumba vya kulala: galoni 110 kwa siku kwa kila chumba. Penye ulinzi wa vyanzo vya maji, au ambapo kiwanja kina kisima na tangi pamoja, kikomo cha kawaida ni galoni 440 kwa siku kwa kila futi za mraba 40,000. Piga hesabu: takriban ekari nzima, vyumba vinne. Familia mbili zenye vyumba vitatu kila moja zimeshapita. Nenda idara ya afya ya mji uulize kabla hujamlipa mchoraji.

Magari ni rahisi kueleza na magumu kupanga. Miji mingi inataka nafasi mbili kwa kila makazi, yaani nne. Je, magari mawili yaliyopangwa nyuma kwa nyuma yanahesabiwa? Pengine ndiyo, pengine hapana. Iko kwenye kanuni. Na ukizijaza nafasi nne mbele ya nyumba, unaweza kuvunja kipengele kingine kinachotaka sehemu ya kiwanja ibaki na majani.

Ikiwa umegonga ukuta katika haya yote, kuna mlango mwingine. Sheria ya jimbo iliyotiwa sahihi Agosti 2024 inaruhusu, tangu tarehe 2 Februari 2025, makazi ya ziada kwa haki katika wilaya za familia moja: yasizidi futi za mraba 900 au nusu ya ukubwa wa nyumba kuu, kile kilicho kidogo. Mji hauwezi kukulazimisha ukae humo mwenyewe, wala kudai zaidi ya nafasi moja ya gari, na karibu na kituo cha treni haudai hata hiyo. Si nyumba kamili ya familia mbili, lakini mama atapata mlango wake.

Hatua ya tano: ombi lenyewe

Mwombe mkaguzi wa majengo jibu la maandishi. Neno la dirishani, hata likitoka kwa mtu mwema, haliufungi mji. Akikataa kwa barua, barua hiyo inataja kifungu hasa kinachokuzuia, na una siku 30 za kukata rufaa kwa bodi ukiamini amekosea.

Halafu andaa mchoro wa kiwanja uliopigwa muhuri na mpima ardhi aliyesajiliwa, michoro ya nyumba kwa pande zote, fomu, ada, na orodha ya majirani iliyothibitishwa na ofisi ya wakadiria kodi ya majengo. Orodha hiyo inahusu wanaopakana nawe, walio ng'ambo ya barabara moja kwa moja, na majirani wa majirani hao walio ndani ya futi 300. Tangazo lazima litoke gazetini katika wiki mbili mfululizo, la kwanza siku 14 au zaidi kabla ya kikao. Lisome mwenyewe. Anwani ikikosewa au maelezo yakipungua, mpinzani anaweza kulitumia kuvunja uamuzi wote, na kikao kitaanza upya. Kuanzia ulipowasilisha ombi, bodi ina siku 65 za kufanya kikao.

Unahitaji mkalimani? Omba mapema kwa maandishi, na taja Kiswahili kwa jina. Ukiwa na Kiingereza cha kazini bado mwombe. Maneno ya zoni ni mengine.

Hatua ya sita: majirani kabla ya barua

Barua rasmi ikitangulia, imeshakuharibia. Jirani anaifungua, anaona jina asilolijua na maneno "familia mbili", na kabla ya chakula cha jioni ameshazungumza na wenzake watatu. Nenda kabla. Bisha hodi Jumamosi mchana, chukua mchoro wa upande wa nyumba unaomtazama yeye, mwonyeshe dirisha lipi litaelekea kwake na magari yatakaa wapi. Msikilize. Mara nyingi shida yake ni kitu kimoja kinachotibika: taa, maji ya mvua yanayoteremkia kwake, mti anaoupenda. Ukikibadilisha kwenye mchoro, mwombe aandike barua fupi ya kuunga mkono.

Hofu hii ina historia ndefu. Kijiji cha Euclid, Ohio, mwaka 1922 kiligawa ardhi yake kwa madaraja: la kwanza familia moja, la pili familia mbili, la tatu nyumba za kupangisha. Kesi ilipofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1926, mahakama ilikubali utaratibu huo, na jengo la kupangisha likaitwa humo kupe tu anayenyonya uzuri wa mtaa. Zoni za nchi nzima zilisimama juu ya hukumu hiyo. Kwa hiyo jirani anaposema "hawa watabadilisha mtaa", anarudia kitu alichorithi bila kujua kilikotoka.

Wengine watakwenda mbali zaidi na kuuliza nani atakaa humo, watoto wangapi, mnatoka wapi. Sheria ya makazi ya haki ya 1968 na Sura ya 151B ya jimbo haziruhusu mji kuamua kwa asili ya mtu, rangi, au kuwa na watoto. Usijibizane. Sema kwa upole, "Naomba turudi kwenye vigezo vya kibali," kisha rudi. Na kama kanuni za mji zinatafsiri "familia" kwa namna inayomtenga bibi au mpwa, kumbuka kwamba mwaka 1977, katika kesi ya Moore dhidi ya mji wa East Cleveland, Mahakama Kuu ilikataa mji kumwadhibu bibi kwa kuishi na mjukuu wake.

Hatua ya saba: jioni ya kikao

Fika mapema uhesabu wajumbe waliokaa. Bodi ya watu watano inahitaji kura nne kukupa kibali maalumu au msamaha. Mmoja asipokuja, wamebaki wanne, na kila mmoja wao anatakiwa aseme ndiyo. Una haki ya kuomba kikao kiahirishwe mpaka wajumbe watimie. Mwenyekiti mwema hukuuliza mwenyewe, asipokuuliza simama uombe. Usione haya, hakuna atakayekasirika.

Ukiitwa, taja jina na anwani, kisha eleza kwa dakika tano: unaomba nini, kwa kifungu gani, na kila kigezo kinatimizwaje. Habari za safari yako ya maisha ziache kwa siku nyingine. Bodi haina mamlaka ya kukupa kibali kwa sababu umeteseka, na mjumbe anayekupenda anahitaji vigezo ili aweze kukutetea. Majirani wakizungumza, andika hoja zao, ujibu mwishoni, mambo ya msingi tu. Wanaokuunga mkono waje nao waseme, hata sentensi moja. Na wewe nenda kwenye vikao vya wenzako. Kwenye vyumba vile huwa kuna watu walewale kila mwezi, na wajumbe huamini mtaa umezungumza.

Ukiona upepo ni mbaya, wajumbe wawili wameshaonyesha shaka, usisubiri kura. Omba kuondoa ombi lako bila kujifungia kurudi. Baada ya tangazo kutoka, unahitaji ruhusa ya bodi, na kwa kawaida huitoa. Ukikataliwa kwa kura, huwezi kurudi na ombi lile lile kwa miaka miwili isipokuwa bodi ikubali kwamba kuna mabadiliko ya maana na bodi ya mipango iridhie.

Hatua ya nane: umeshinda, usianze kuchimba

Uamuzi huandikwa na kupelekwa kwa karani wa mji. Tangu siku alipoupokea, yeyote aliyeathirika ana siku 20 za kwenda Mahakama ya Ardhi au Mahakama ya Superior, na wewe uliyekataliwa una siku hizo hizo. Siku zikipita, rudi kwa karani akuandikie cheti kwamba hakuna rufaa. Peleka uamuzi na cheti kwenye masijala ya hati za ardhi ya kaunti yako, visajiliwe dhidi ya hati yako. Kabla ya kusajiliwa, kibali hakina nguvu, hata kama bodi nzima ilikupigia makofi.

Kisha angalia kalenda. Msamaha wa kanuni hufa baada ya mwaka mmoja usipotumika, na nyongeza haizidi miezi sita, tena iombwe kabla muda haujaisha. Kibali maalumu hudumu kwa muda uliotajwa katika kanuni za mji, usiozidi miaka mitatu. Ndani ya muda huo lazima ujenzi uwe umeanza kweli: kibali cha ujenzi mkononi, mkandarasi uwanjani, ukuta wa kutenganisha makazi mawili umechorwa kuhimili moto kwa saa nzima, kwa sababu hicho ndicho mkaguzi atakachokitafuta kwanza kwenye michoro ya familia mbili.